Vibao vya Getini kwa Bhide

Getini kwa mzee Dattatray Bhide, katika uchochoro mmoja wa mtaa wa Sadashiv Peth mjini Pune, vibao vilikuwa vingi kuliko maua. Cha juu kabisa kilisema: "Kengele hubonyezwa mara moja. Tumezeeka, hatujawa viziwi." Chini yake: "Saa saba hadi saa kumi tumelala. Ukiwa na shida, nawe kalale." Kilichofuata kiliwahusu wagonjwa waliopotea njia: "Daktari wa meno Joglekar haishi hapa na hakuwahi kuishi hapa. Wewe unaumwa jino, usituumize sisi kichwa." Na cha mwisho, ambacho rangi yake ilikuwa bado inang'aa: "Wenye posa: binti wa nyumba hii ana mdomo wake. Mwulizeni mwenyewe, mjute wenyewe."

Mtu wa Mumbai akipita hapo husimama, akapiga picha, akacheka. Sisi wa Pune hatuoni cha kuchekesha. Huko kwao huandika "Karibu" mlangoni kisha hujifungia ndani wasionekane. Hapa mtu anaandika ukweli kwa rangi ya mafuta, na ukishausoma huna haki ya kununa, kwa sababu ulionywa.

Binti mwenyewe ni Anagha, wa miaka thelathini na kitu, aliyebaki na baba yake tangu mama yake alipofariki. Mzee Bhide alikuwa mwalimu wa jiografia mstaafu. Walipendana sana hawa wawili, na njia yao ya kuonyeshana ilikuwa kubishana. Walibishana kama chai ina tangawizi ya kutosha, kama leo itanyesha, kama tarishi wa zamani aliitwa Bapu au Balu. Siku wasipobishana majirani walidhani mmoja wao yuko hoi kitandani.

Kazi ya Anagha ilikuwa kuchambua mifumo ya kompyuta katika kampuni ya Tulpule na Wanawe, wenye kumbi za harusi mji mzima. Baba yake hakuielewa kazi hiyo na wala hakuona aibu kutoielewa. Majirani wakimwuliza, aliwajibu kwamba binti yake anachora visanduku.

"Visanduku vya nini, mwalimu?"

"Vitupu. Kisha anavichorea mishale kutoka kimoja kwenda kingine."

"Na wanamlipa?"

"Wanamlipa, tena kwa wakati. Nchi imefika hapo."

Pale Tulpule, mambo yote yalikuwa ndani ya programu moja kubwa, kongwe, iliyoandikwa na mtu ambaye alishahamia Kanada na hapokei simu. Waliiita Babu. Babu alikodisha kumbi, akaagiza mchele, akahesabu viti, akatuma kadi, akakumbuka nani halili vitunguu. Alifanya yote, na ndiyo ilikuwa shida yake: ukimgusa kidole cha mguu anapiga chafya. Mwaka ule walipobadilisha bei ya maua, Babu aliiandikia harusi moja ya watu wa heshima mabibi harusi wanne bila bwana harusi hata mmoja. Wazazi wa pande zote mbili walikuja ofisini kutaka maelezo, na mpaka leo ukimtajia Anagha maua anaangalia mlango ulipo.

Basi mwenye kampuni, Annasaheb Tulpule, mzee mnene mpole mwenye sauti ya kunong'ona, akasikia huko kwenye mikutano yake kwamba makampuni ya siku hizi hayakai tena na mababu. Yanaikata programu kubwa kuwa huduma ndogondogo, kila huduma ina kazi yake moja inayoijua vizuri, na zikihitajiana zinaulizana kwa adabu. Akamwita Anagha.

"Mwanangu, nikatie Babu vipande."

"Vipande vya namna gani, Annasaheb?"

"Vya kushikika. Unajua unavyokata bakarwadi, kile kitafunio cha kuviringishwa? Uikate unene wa kutafunika. Usiniletee gogo, wala usiniletee unga."

Anagha alisema sawa, kwa sababu ukisikia hivyo unaona ni jambo la mchana mmoja. Kukata si kazi. Kazi ni kujua pa kukata, na hapo ndipo makampuni makubwa kuliko Tulpule yamekaa vikao hadi chai ikaisha mjini.

Annasaheb akaongeza, akiangalia dirishani, kwamba mkwe wake Kaustubh wa Mumbai ana marafiki washauri wanaofanya kazi hizo. Kama kufikia sikukuu ya mungu Ganpati hakutakuwa na kitu cha kuonyesha, atamruhusu Kaustubh awalete. Hapo hapangekuwa na haja ya watu wawili kuchora visanduku. Anagha angepelekwa kuangalia kompyuta za ukumbi mpya wa Nagpur.

Nagpur ni usiku mzima kwa treni, na joto lake linakausha nguo kabla hujazianika. Lakini joto silo lililomtia Anagha hofu. Mzee Bhide hakuwahi kulala nje ya uchochoro wake tangu aliporudi fungate, na hakuna kreni ya kumng'oa. Anagha akienda, mzee atabaki peke yake na vibao vyake. Atabishana na nani? Na ukimpa mzee yule siku tatu bila mtu wa kumpinga, anazima kama taa.

Jioni alimweleza. Mzee alilikunja gazeti lake, akalikunjua.

"Machungwa ya Nagpur ni mazuri," akasema mwishowe, akaendelea kusoma tanzia gazetini, ukurasa ambao alikuwa ameshaumaliza asubuhi.

Hakubisha. Anagha alilala vibaya.

Aliianza kazi kwa njia wanayoipenda wenye vitabu, yaani kutoka juu kwenda chini. Uifuate harusi tangu simu ya kwanza hadi sahani ya mwisho kuoshwa, na kila hatua unayoikuta uiandike kwenye karatasi ya kunata na kuibandika ukutani. Aliwaita wakuu wa idara. Mama Sindhu Lele wa kukodisha kumbi alikuja na mkoba wake na kumbukumbu ya kila aliyemkosea. Bwana Nene wa jikoni alikuja na harufu ya samli. Jayant, mwandishi wa programu, alikuja na chaja, akaketi karibu na soketi, maana Jayant huketi palipo na soketi.

Hawajafika hata kwenye hatua ya tatu, moto ukawaka juu ya mgeni.

"Mgeni ni wangu," alisema Mama Lele. "Jina lake linaingia kwangu kwanza."

"Jina tu, mama. Tumbo linaingia kwangu," alisema Bwana Nene.

"Kwa hiyo nikuachie mgeni kwa sababu ana tumbo?"

"Mimi ndiye ninayejua anakula nini. Wewe unamjua kwa simu, mimi namjua kwa sahani."

"Unamjua kwa sahani. Ndiyo maana mwaka juzi ulimpikia marehemu."

"Marehemu alikuwa kwenye orodha yako."

Wakaenda hivyo hadi ukuta ukajaa. Kila neno lililotamkwa liligeuka karatasi na kila karatasi ikawa huduma. Kulikuwa na Huduma ya Kumpokea Mjomba, Huduma ya Kumtafutia Mjomba Kiti cha Mbele, na Huduma ya Kumtuliza Mjomba Aliyekosa Kiti cha Mbele. Kulikuwa na huduma ya kuwasha kiberiti. Feni ilipowashwa, nusu ya harusi ikapeperuka ikaingia chini ya kabati.

Jayant aliutazama ukuta kwa huzuni. "Dada Anagha, nikielewa vizuri, ili mtu apate kijiko kimoja cha wali, hizi zote zinaulizana kwanza kama hakuna mwenye pingamizi?"

"Nadhani."

"Wali utafika umechacha."

Huo ndio unga aliousema Annasaheb. Anagha akageuza njia, akaanza chini kwenda juu. Akaingia ndani ya Babu mwenyewe aone amejengwaje, akusanye vinavyogusana aviweke fungu moja. Tatizo ni kwamba ndani ya Babu kila kitu kilimgusa mwenzake. Viti viliwagusa wapiga matarumbeta, matarumbeta yaligusa mchele, mchele kwa sababu asizozijua mtu uligusa siku ya kuzaliwa ya mke wa mtu aliyeiandika programu hiyo. Baada ya wiki mbili Anagha akatoka na mafungu. Fungu lilikuwa moja. Akaliita Huduma ya Harusi.

"Huyo ni Babu amenyoa ndevu," alisema Jayant.

Mvua zilikuwa zimeshika kasi, na kwenye vibanda walishaanza kufinyanga sanamu za Ganpati. Anagha akawa mtu wa kusahau mwavuli mahali mvua inanyesha na kuubeba palipo na jua. Nyumbani mzee hakumpinga hata aliposema kwamba mji mkuu wa Australia ni Sydney. Alisema makusudi, kumchokoza. Mwalimu wa jiografia huyo akaitikia tu, "Inawezekana." Anagha aliingia bafuni akalia kidogo, kisha akanawa uso akatoka.

Jumamosi moja alasiri, karibu saa tisa, alikuwa akirudi sokoni akamkuta mchuuzi wa vichujio vya maji amesimama mbele ya geti lao. Mtu yule alivisoma vibao vyote, kimoja kimoja, akisogeza midomo. Aliangalia saa yake. Akakitazama kitufe cha kengele, asikiguse. Akageuza pikipiki.

"Hukubonyeza?" Anagha akamwuliza.

"Nibonyeze ya nini, dada? Nimeshajibiwa," alisema yule mchuuzi. "Wamelala, jioni nirudi, nibonyeze mara moja, na binti yao ni mkali."

Anagha alibaki amesimama na kikapu chake cha mchicha, mvua inamwingia shingoni. Aliviangalia vibao alivyovipita maisha yake yote. Baba yake alipoviandika hakuanza kwa kuhesabu vyumba vya nyumba, wala hakuyafuata maisha yake tangu asubuhi hadi usiku. Alikaa tu barazani akiwasikiliza wanaogonga. Kila mwenye kugonga na jambo lake alipata kibao chake: wewe ni nani, hapa utapata nini, nini hutapata, na lini tusisumbuliwe. Vya ndani, kama mzee anavaa soksi zisizofanana au anaweka sukari kwenye kopo la chumvi, havikuandikwa popote kwa kuwa havimhusu mgongaji.

Aliingia ndani mbio, akamkuta baba yake anaamka.

"Baba, nataka mbao zako. Zote. Na brashi."

"Za nini?"

"Za kazini."

"Kazini wanachora visanduku, sasa wamepanda cheo wanachora mbao." Lakini akampa. Alizitoa kabatini barazani mwenyewe, akachagua, na moja akairudisha nyuma ya makopo ya rangi. "Hiyo siitoi," alisema. Anagha hakuuliza, alikuwa na haraka.

Jumatatu wakuu wa idara walipoingia walikuta hakuna karatasi ukutani. Mezani palikuwa na mbao, rangi nyeusi na brashi.

"Kila mmoja aandike kibao cha mlangoni kwake," alisema Anagha. "Nani anagonga kwako, anapata nini, na nini hapati. Andikeni kama cha getini kwenu. Adabu hapana."

 Na nikuambie, furaha iliyoingia chumba kile sijaiona hata kwenye harusi zao. Watu hawa ukiwapa fomu ya kueleza huduma za idara wanaumwa kichwa na mgongo. Lakini hakuna mtu aliyezaliwa Pune asiyeweza kuandika kibao cha kumfukuza mwenzake.

Bwana Nene alikuwa wa kwanza kumaliza. "Jiko. Tuambie watu wangapi, siku gani, na wasiokula nini. Majina yao hatuyataki, hatuwaoi."

Mama Lele alikisoma mara mbili. "Kumbe majina huyataki?"

"Niyafanyie nini? Niyatie kwenye dengu?"

"Mwezi mzima unanigombania mgeni, na humtaki?"

"Nilitaka idadi, mama. Hukuniuliza."

Mama Lele akaandika chake, herufi nzuri za shule: "Kumbi. Tunajua tarehe zilizo wazi. Tarehe yenye baraka kamwulize kuhani wako, na ikigongana na tarehe ya mwenzako msigombanie hapa." Akakiangalia, akagundua kwamba naye mgeni hamhitaji. Mgeni aliyegombaniwa hivyo akawa hana mwenyewe. Ikabidi wamtengenezee mlango wake peke yake, wakauandikia kwa pamoja wakicheka hadi Bwana Nene akalazimika kukaa: "Wageni. Hapa tunajua nani amealikwa. Kwa nini wewe hukualikwa, shangazi yako ndiye anayejua."

Idara ya viti ikaandika kwamba ukichukua viti urudishe viti, maelezo hawayapokei. Kibao kimoja cha mtu wa mapambo hakikutosha ubaoni, kikazunguka hadi nyuma, na hapo kila mtu akaona bila kufundishwa kwamba ile ni milango miwili imebanwa kwenye fremu moja. Kingine kilisema tu "Usiniulize mimi, uliza wa mbele yangu." Anagha akakishusha. Huo haukuwa mlango, ulikuwa ukuta umepakwa rangi. Na Mjomba na huduma zake zote tatu hakuonekana tena, maana hakuna aliyejitokeza kumwandikia kibao.

Kufikia jioni milango ilikuwa michache ya kushikika, unene wa kutafunika. Anagha alivipanga vibao ukutani, akachora kisanduku kimoja kwa kila kibao na mishale michache. Kwa mara ya kwanza alikuwa na visanduku visivyokuwa vitupu.

Jayant alivipiga picha akaenda kujenga. Sasa Jayant ana sifa moja ambayo ni nzuri mpaka siku inapokuwa mbaya: anaandika kilichoandikwa. Hapunguzi, haongezi, hafikirii umetaka kusema nini. Akajenga mlango baada ya mlango, wakaujaribu kila mmoja asubuhi na jioni, ikafanya kazi kwa unyenyekevu wa kupendeza. Babu akanyang'anywa kumbi, akanyang'anywa jiko, na hakupiga chafya.

Wiki moja kabla ya Ganpati, Kaustubh akaja kukagua. Ni kijana mrefu, si mbaya wa moyo, lakini ni mtu wa Mumbai: chakula cha mchana anakula amesimama, akimaliza anatafuta kazi nyingine. Saa nane mchana aliingia ofisini kwa Tulpule akakuta taa zimezimwa. Bwana Nene alikuwa amelala juu ya viti vitatu. Mama Lele alisinzia ameketi wima, mkoba mapajani, kwa heshima. Kaustubh akaketi kwenye kompyuta, akaomba ukumbi wa mwezi wa Desemba.

Anagha aliamshwa na kimya chake. Alipofungua macho, Kaustubh alikuwa ameinamia kioo kama anayesoma risala.

"Anagha, njoo uone hii."

Kwenye kioo palikuwa na maneno: "Tumefunga. Saa saba hadi saa kumi. Umeshasoma, mbona bado umesimama?"

Kaustubh akajaribu jiko. Jiko lilikuwa limelala. Akajaribu viti. Viti vilimwambia nawe kalale. Wageni walimjibu kwa lugha ambayo sitaiandika hapa, Bwana Nene ndiye aliyeitunga.

"Kompyuta inalala mchana?" alisema Kaustubh, taratibu, kama anayehofia kuamsha watu.

 Anagha akaona treni ya Nagpur, akamwona baba yake barazani amekubali kwamba mji mkuu wa Australia ni Sydney. Alitoka nje akampigia Jayant simu. Iliita sana.

"Jayant, mfumo umeufunga mchana?"

"Imeandikwa, dada." Sauti ilikuwa ya mtu aliyefunikwa shuka. "Kibao cha Mama Lele, mstari wa chini kabisa. Cha Bwana Nene pia. Cha viti. Vyote. Hata cha mfano, ulichoandika wewe kuwaonyesha."

Alikuwa sahihi. Wote waliuandika mstari ule bila kufikiri, mkono ulijiandikia wenyewe.

"Na wiki zote hizi hakuna aliyeuona?"

"Nani aujaribu mchana, dada?"

"Ufute basi. Sasa hivi."

"Sasa hivi ni saa nane," alisema Jayant kwa mshangao wa kweli. "Nitaufuta saa kumi."

Akakata simu. Anagha aliporudi, Kaustubh alikuwa ameshachukua funguo za gari aende kwa baba mkwe. Anagha akachukua mwavuli akaingia kwenye riksho ya magurudumu matatu, akamfuata. Alimkuta ndani ya gari, nje ya geti la Annasaheb, injini imezimwa. Getini palikuwa na kibao cha shaba: "Saa saba hadi saa kumi hapana. Hata mkwe."

"Hiki kiliwekwa nilipooa," alisema Kaustubh, akamfungulia mlango. "Ingia, utalowa."

Wakakaa. Mvua ilipiga juu ya gari.

"Nagpur si pabaya," alisema Kaustubh baada ya muda. "Machungwa yake..."

"Usiniambie habari za machungwa, ndugu yangu. Nakuomba."

Saa kumi Annasaheb akatoka barazani na kikombe cha chai, nywele zimesimama upande mmoja. Kaustubh akaeleza yote, na alieleza vizuri, sitamsingizia.

"Ulitaka nini saa nane?" aliuliza Annasaheb kwa mnong'ono wake.

"Kukodi ukumbi, Baba."

"Una harusi?"

"Nimeshaoa, Baba. Nimemwoa binti yako."

"Hata mimi nilidhani hivyo." Annasaheb akanywa chai. Kisha akamgeukia Anagha, na sasa hakuwa anatania. "Wateja wetu wengine wako Marekani. Huko mchana wetu ni usiku wao, wanapiga wakipata nafasi. Hilo hukulifikiria?"

"Kosa ni langu, Annasaheb," alisema Anagha. "Niliwauliza nani anagonga. Sikuuliza nani anagonga sisi tukiwa tumelala."

"Kurekebisha ni muda gani?"

Simu ya Anagha ikalia. Alikuwa Jayant, sasa ameamka kabisa na yuko mchangamfu. Mstari ameufuta kwenye kila mlango, amejaribu milango yote, hakuna aliyelalamika. Anagha akairudia habari hiyo kwa sauti.

Annasaheb akashusha kikombe. "Kila mlango?"

"Kila mlango, kwa zamu."

"Na hakuna kilichoharibika?"

"Hakuna."

"Na kwa Babu, kubadili saa za kazi kungechukua muda gani?"

"Miezi, Annasaheb. Na mabibi harusi kadhaa."

Mzee alicheka bila sauti, tumbo tu likitikisika, mpaka chai ikamwagikia kwenye kisahani. Kisha akafuta macho. "Basi umekata panapokatika. Endelea mpaka Babu aishe." Akamtazama mkwe wake kwa upendo wote. "Na Nagpur, mwanangu, nataka mtu anayeweza kukaa macho mchana. Hapa mjini simjui mwingine."

Kaustubh alizitazama funguo za gari mkononi. Anagha alimwonea huruma, lakini si sana.

"Ila ule ujumbe," alisema Annasaheb akiingia ndani, "uacheni kwa simu zitokazo Mumbai."

Anagha alifika nyumbani jua linaelekea kuzama. Alifungua geti kimyakimya kwa kupitisha mkono ndani kama siku zote, mabegani amebeba brashi na mbao zilizobaki. Redio ilisikika chumbani. Alifungua kabati la barazani arudishe vitu, na nyuma ya makopo ya rangi akauona ule ubao ambao baba yake alikataa kumpa. Ulikuwa umegeuzwa uso ukutani. Akaugeuza.

Rangi ilikuwa imekauka siku nyingi. Herufi zilikuwa zilezile za mwalimu, zimenyooka.

"Anagha amehamia Nagpur. Mnaomtafuta msibonyeze kengele. Mwenye nyumba atadhani ni yeye."

Aliusoma mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Akauweka chini, akatoka tena nje ya geti, akalifunga. Akabonyeza kengele. Kisha akaibonyeza tena.

"Mara moja," mzee alifoka kutoka ndani. "Kusoma hujui? Mara moja." Lakini ndara zake zilikuwa zimeshaanza kusikika sakafuni, zikija haraka, na alipolifungua geti, ndara moja ilikuwa mguuni na nyingine imebaki njiani.

Alimtazama binti yake juu hadi chini.

"Geti hilo unalifungua mwenyewe kila siku."

"Nilisahau."

"Umesahau mkono?" Kisha sauti ikashuka. "Nagpur lini?"

"Siendi."

Mzee aliangalia barazani, akaliona kabati liko wazi, na ubao chini. Akakuna kidevu.

"Mji mkuu wa Australia si Sydney," akasema. "Tangu siku ile nilitaka kukuambia. Ingia, chai imepoa."

"Imetiwa tangawizi?"

"Ya kutosha."

"Kwa kipimo chako haiwezi kuwa ya kutosha," alisema Anagha, wakaingia wakibishana.